Kata Nne, Kunja, Jaza Maharage

"Basi niambie, Mwalimu, huko Mbeya wakimpa mwanangu karatasi nyingine atafanya nini? Atawaimbia?"

"Mama Lucia, punguza sauti. Watoto wako nje."

"Najua wako nje. Tena hili wanalijua vizuri kuliko mimi. Mimi nimelijua jana tu."

Mwalimu Lugano aliinuka akaenda kusukuma kadibodi iliyoziba dirishani mahali palipokuwa na kioo. Upepo wa Juni ulikuwa unaipiga tangu asubuhi, na vumbi lilikuwa limetanda juu ya madaftari yasiyosahihishwa. Aliibana kwa kiti, akarudi kukaa. Silvana, mama yake Lucia, hakukaa. Alikuwa amekuja na koti lake la kazini, lile analovaa akienda kukagua mashamba ya watu, na mikono ameitia mifukoni kama mtu aliyekuja kudai chake.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa mchezo. Walimu vijana wa chuo kimoja huko Mbeya walikuwa wanazunguka shule za sekondari za Rukwa, wakifanya siku ya hisabati kila wanapofika, ili watoto waone kwamba somo hilo si adhabu. Mchezo wao ulikuwa mwepesi. Unampa mtoto karatasi ngumu ya manila, ya mraba. Anakata vipande vya mraba vinavyolingana kwenye pembe zote nne, anakunja kuta, anapata boksi lisilo na kifuniko. Analijaza maharage. Kisha anajiuliza: nikate kiasi gani ili boksi langu libebe maharage mengi kuliko ya wenzangu? Akikata kidogo, kuta zinakuwa fupi. Akikata sana, boksi linakuwa jembamba. Basi anakata, anajaribu, anakosea, anakata tena. Kukosea ndiko kulikotakiwa.

Wageni walituma maelezo mapema ili shule itafute manila na maharage. Mwalimu Lugano akafanya kama inavyofanyika wakaguzi wanapokuja. Deki ilipigwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, na kidato cha tatu wakakaririshwa. Karatasi za wageni zilikuwa za sentimita ishirini na nne kila upande, na jibu lake ni kukata nne. Kwa majuma mawili darasa zima lilisimama asubuhi na kuitikia kwa pamoja: kata nne, kunja, jaza maharage. Lucia, mwenye sauti nzuri na asiyeogopa watu, akapewa maelezo ya kusema wageni wakiuliza kwa nini. Aliyasema yote, bila kusita, na wageni wakapiga makofi mpaka mmoja wao akafuta macho. Wakamchagua aende kambi ya hisabati Mbeya, wiki mbili. Atakayefanya vizuri kambini atalipiwa masomo ya kidato cha tano na sita.

Siku ile Silvana alifurahi kama mama yeyote. Mumewe, Zenon, anayenunua samaki Kasanga na kuwauza mjini, alitangaza sokoni kote, akanunua begi la magurudumu. Jana jioni, wakati maharage yanachemka, Silvana akachana upande wa boksi la majani ya chai, akaupima kwa rula, sentimita nane kwa nane, akampa binti yake mkasi. Alitaka tu kuonyeshwa huo mchezo unaompeleka mtoto wake Mbeya.

Lucia alipima nne akakata. Akapima nne akakata. Alipomaliza, mezani palikuwa na vipande vinne vya kadibodi, na boksi hakuna. Mtoto alivitazama vile vipande muda mrefu. Kisha akasema, "Karatasi yako mbovu, mama."

"Mbovu ilikuwa karatasi, kwa maneno yake," Silvana alimwambia mwalimu. "Hakushtuka kwamba hajui. Alikasirikia kadibodi."

"Ni mtoto. Atajifunza hukohuko. Kambi si ya kujifunza?"

"Kambi inaanza kesho asubuhi kwa kila mtoto kusimama na kuwafundisha wenzake mchezo wa shuleni kwake. Umeniambia mwenyewe. Atafundisha nini?"

Lugano alipangusa uso kwa viganja. Alikuwa kijana bado, mwenyeji wa Tukuyu, ila alikuwa na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. "Mama Lucia, mimi si mwizi. Nafundisha hisabati mikondo yote ya shule hii, peke yangu. Darasani wanakaa watatu watatu kwenye dawati la wawili. Mwaka jana matokeo yalipotoka nilisimamishwa mbele ya kikao kama mtoto. Wanakuja wageni, wana gari, wana kamera. Ulitaka waone nini? Watoto wanakodoa macho?"

"Ndiyo. Waone hivyo. Ndicho kilichowaleta."

"Hakuna mgeni anayeoneshwa nyumba chafu."

"Daktari je? Naye unamficha kidonda?"

Mlango uligongwa, akaingia msichana amebeba chupa ya chai na vikombe. Rose, wa darasa moja na Lucia. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rose, mbona sikukuona kwenye picha za siku ya wageni? Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mama. Nilikuwa jikoni."

"Jikoni unafanya nini?"

Rose alimtazama mwalimu. Mwalimu alitazama chai. "Nilikuwa nachambua mchele wa wageni. Nilitolewa kwenye kikundi."

"Ulifanya nini?"

"Niliuliza tu, karatasi ikiwa ndogo, tunakata nne vilevile?"

"Ukajibiwaje?"

"Nikaambiwa nitawaharibia wenzangu siku hiyo."

"Na jibu ulilipata baadaye?"

"Hapana, mama." Alipanga vikombe, akatoka, akavuta mlango polepole.

Hakuna aliyemimina chai. Nje mkokoteni wa ng'ombe ulipita na magunia ya mahindi, na mwendeshaji wake akiwatukana ng'ombe kwa Kifipa.

"Ningefanya nini?" Lugano alisema, sasa kwa sauti ya chini kabisa. "Angeliuliza vile mbele ya wageni, wengine wote wangepotea. Na wewe leo ukisema, Rose hapati kitu. Orodha imefungwa. Nafasi itapelekwa shule ya Kabwe. Hawa wageni hawatarudi hapa tena, na mimi nitajieleza ofisini. Ukinyamaza, hakuna anayeumia. Nakuomba kama mzazi mwenzangu."

Silvana aligeukia mlango. Alifikiria Zenon pale sokoni na maneno yake makubwa. Alifikiria ada ya miaka miwili. Yeye mwenyewe alisoma diploma ya kilimo kwa kuungaunga, na aliujua mlango uliofunguka ulivyo adimu. Wiki mbili tu. Huenda watoto wengine nao wamekariri. Huenda hakuna atakayegundua. Alitoka ofisini.

Lucia alikuwa barazani, amekalia begi lake jipya, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Silvana akachuchumaa mbele yake.

"Kesho watakwambia ufundishe mchezo."

"Nitasema kama nilivyosema."

"Wakikubadilishia karatasi?"

"Nitasema kichwa kinaniuma." Alijibu upesi, bila aibu, kama mtu aliyekwisha kupanga jibu. "Na kesho kutwa nitasema tumbo. Wiki mbili si nyingi, mama."

Silvana alibaki amechuchumaa. Jambo la mkasi na kadibodi lilikuwa limemuuma, lakini hili lilimwingia pabaya zaidi. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa amejipangia wiki mbili za kuumwa, peke yake, usiku, wakati wazazi wake wanamsifia chumba cha pili. Na lililomtisha zaidi ni kwamba alipanga vizuri.

Gari likaingia getini, jeupe, limejaa vumbi. Ndani walikuwamo watoto wawili wa shule nyingine, wamebanana na mabegi yao. Dereva Evans akashuka kufungua nyuma. Dada Asifiwe, kiongozi wa wale walimu wa chuo, akaruka chini na tabasamu lake lote.

"Shikamoo, Mama Lucia! Nyota wetu yuko tayari?"

Lugano alikuwa ameshatoka ofisini mbio. Alimwahi kila mtu, akalinyakua begi akalitia garini mwenyewe, huku anacheka na kuuliza habari za barabara. Lucia akapanda. Akakaa dirishani, akafunga mkanda, mikono akaiweka magotini. Evans akaubamiza mlango wa nyuma.

"Mama, tukuage basi," Asifiwe alisema. "Usiwe na wasiwasi, tutamtunza."

Silvana alisogea mpaka usoni pake.

"Mwanangu haujui ule mchezo, dada. Mlichokiona ni ngonjera. Darasa zima lilikaririshwa, na wewe uliwapigia makofi. Mpe karatasi ya ukubwa mwingine sasa hivi, hapa hapa, utaona. Aliyeuliza swali la maana alitolewa, akapelekwa jikoni kuwapikieni ninyi."

Tabasamu la Asifiwe lilikaa pale pale usoni, kama halijui liende wapi. Alimgeukia Lugano. Lugano alikuwa anatazama mawe ya njiani. Watoto wawili garini wakaacha kunong'ona.

"Mama," Asifiwe alisema polepole, "unajua nikiandika hivyo shule hii..."

"Andika."

"Na nafasi ya mtoto wako..."

"Nimesikia yote ofisini." Silvana akauvuta mlango wa gari ukafunguka. "Lucia, shuka."

Lucia hakuinua uso. Alihangaika na kifungo cha mkanda, kikakataa mara mbili, kisha kikaachia. Akashuka.