Ovaroli za Mdogo Wangu

Ovaroli za mdogo wangu nazifua mimi. Nilianza alipopata meli ya kwanza, mama yetu akiwa ameshafariki, na hata alipooa hakuacha kuniletea, eti mkewe hajui kutoa grisi. Kwa hiyo alipokuja na fuko lake siku moja kabla ya shauri letu, sikushtuka. Niliziloweka kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa kidogo, nikijiambia: huyu tumenyonya ziwa moja, kesho atatutoa kimasomaso.

Shauri lilikuwa la mume wangu. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta mashine katika chumba cha injini, meli moja na mdogo wangu. Ugonjwa wa moyo ulimwanza huko huko, kwenye joto lile, akawa hawezi kumaliza ngazi bila kukaa na kushika kifua. Sasa mabaharia wana ujinga wao mmoja wanaouita utu: mwenzao akiugua, nahodha haambiwi. Ukijulikana mgonjwa, safari ijayo huitwi. Basi mdogo wangu akamfunika shemeji yake. Alimfanyia zamu, na injinia akiuliza, anaambiwa yuko chini kwenye pampu. Mume wangu alinisimulia hayo huku akicheka. "Mdogo wako mwanaume kweli, mama watoto."

Siku waliyoshuka, mume wangu alianguka gatini, begi begani. Kampuni ya meli ikasema ameugulia nchi kavu, haiwahusu. Bila fidia hakuna upasuaji, na bila upasuaji, daktari hakunificha, nitakuwa mjane. Shahidi tulikuwa naye mmoja tu, mdogo wangu.

Aliingia chumba cha shauri amechomekea shati, viatu vinang'aa. Hakuniangalia. Wakili wa kampuni akamuuliza, "Ulimwona huyu bwana akiugua melini?"

"Hapana."

Nikadhani hakusikia swali. Msuluhishi, mama mmoja mwenye miwani, akamrudishia taratibu.

"Sikumwona akiugua," akasema. "Kama alikuwa na ugonjwa, alipanda nao kutoka nyumbani. Alituficha."

Alituficha! Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. "Si daktari wao wenyewe alimpima kabla hajapanda, akasema ni mzima? Na zamu zake alikuwa anazifanya nani, jini?"

"Mama, kaa chini," msuluhishi akasema. Mume wangu akanivuta mkono. Hakuwa amekasirika hata. Alikuwa anamtazama shemeji yake tu, mdomo wazi. Shauri likatupwa pale pale.

Mdogo wangu alinikimbilia kwenye korido. "Dada, nielewe. Nikisema nilimfanyia zamu, nakiri kwamba nilimdanganya injinia. Nani atanichukua tena? Nina watoto."

"Na wangu ni vifaranga?"

Akainamisha kichwa. "Meli inaondoka kesho. Wameniita tena."

"Wamekuita lini?"

"Wiki iliyopita."

Lo! Wiki nzima anajua, na jana amekula mezani kwangu, akaomba aongezwe mchuzi. Na mimi, mpumbavu wa mwisho, nimeinama kwenye beseni nikimfulia nguo za safari aliyoipata kwa kutuuza. Nilitaka kumzaba kibao. Nililia badala yake, na hilo liliniudhi zaidi.

Niliapa kuzichoma. Lakini asubuhi nilimkuta mume wangu amekaa kizingitini, ovaroli mapajani, anazikunja. Anakunja moja, anapumzika, anakunja nyingine.

"Unamkunjia huyo?"

"Alinibeba kule chini, mama watoto. Hilo sitalisahau."

"Na jana je?"

Akavuta nyingine, akaikunja. Mdogo wangu akatokea, akasimama mbali kidogo kama mdai asiye na uhakika na deni. Mume wangu akampa fuko. "Safari njema, shemeji."

Mimi sina moyo huo. Nilimwambia, "Ukiugua huko, piga kelele. Mwambie nahodha, mwambie mpishi, mwambie kila mtu. Usingoje ndugu aje akusemee."

Akatupia fuko begani. Mume wangu akataka kusimama amsindikize hadi barabarani, kama walivyozoea. Alishika fremu ya mlango, akanyanyuka nusu, akarudi chini akihema, midomo imebadilika rangi. Mdogo wangu akageuza uso upande wa barabara.

Nikamshika kidevu, nikaurudisha. "Tazama," nikamwambia. "Leo utamwona."