Gari Lenye Utepe Mwekundu

Waya wa kuchajia gari ulipita dirishani mwa jikoni, na pale penye upenyo Rhonda alikuwa amesokota mataulo kuzuia upepo. Hayakuzuia kitu. Baridi ya Ohio haipigi hodi. Kaylin alikuwa mezani na koti lake mwilini, anakula tambi zisizo na chumvi.

"Mama, limejaa?"

"Limejaa. Huoni taa?"

Nje, ubavuni mwa gari, kitaa cha kijani kiliwaka kwenye theluji.

Figo za Kaylin zilikuwa zimekufa zote mbili. Damu yake ilisafishwa kwa mashine mtaa wa pili, huku wakingoja figo ya mtu kutoka hospitali kubwa ya Cleveland, na Cleveland ni mbali. Mama wa ustawi wa jamii pale hospitali hakumficha Rhonda. "Figo haimngoji mtu, dada. Simu ikilia, ni mwendo. Na kwa lile gari lako, siwezi kuwaambia madaktari mtafika. Tafuta usafiri wa kuaminika, la sivyo mtoto tunamtoa kwenye orodha."

Gari lenyewe, la wakati ule, lilikuwa limeliwa na kutu hadi ukikaa unaiona barabara chini ya miguu yako. Lakini lilikuwa linawaka. Mvua, barafu, lilikohoa weee, likawaka.

Ndipo akaomba kanisani. Wenye nacho walitoa magari yao ya zamani, wakapunguziwa kodi, nayo yakagawiwa wasio nacho siku ya Jumapili mbele ya macho ya watu, utepe mwekundu juu ya bati. Daktari Pruitt, wa meno, alitoa lake la umeme na petroli pamoja. Lilimetameta kama sahani ya harusi.

Walipokuwa wanapangwa kupigwa picha, mke wa daktari alinong'ona, "Hadley, umemwambia habari ya siku za baridi? Fundi si alisema ile betri..."

"Lenore. Tazama kamera."

Rhonda alisikia. Aligeuka aulize, lakini Mchungaji Merle alikwishamshika bega, kipaza sauti mkononi.

"Dada yetu amepewa! Na aliyepewa naye hufanya nini?"

"Hutoa!" kanisa zima likaitikia.

"Sasa dada, lile la zamani liko wapi?"

"Liko nje, mchungaji. Ila nilifikiri nibaki nalo kwanza, mpaka..."

"Mpaka nini? Mpaka umpime Mungu kama hadanganyi?"

Watu wakaangua kicheko. Kaylin naye akacheka, maskini, kwa kuwa watu wanacheka. Rhonda akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mchungaji. Wakapiga makofi. Lile kuukuu likapelekwa kwenye vyuma chakavu, na ile picha ya utepe Rhonda akaituma hospitali. Hospitali ikaridhika.

Simu ililia Kaylin hajamaliza tambi.

"Mama Kaylin? Ni Cleveland. Figo imepatikana. Mnaweza kuondoka sasa hivi?"

"Tuko njiani!"

Begi lilikuwa nyuma ya mlango tangu kiangazi. Kaylin alijipandisha garini, akafunga mkanda mwenyewe. Rhonda akachomoa waya, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Maneno mekundu yakatokea mbele ya usukani: hitilafu ya betri, gari haliwezi kuondoka. Akabonyeza tena. Na tena.

"Si una petroli wewe!" akalipigia kelele. "Tangi zima!"

Lakini injini ya gari lile huamshwa na betri ile kubwa. Betri ikigoma, petroli ni maji tu.

Akampigia mchungaji.

"Figo? Haleluya!"

"Gari haliwaki, mchungaji. Nitumie mtu mwenye gari."

"Ah, dada, mimi niko Florida na familia, tunaota jua! Mpigie daktari, ndiye analijua."

Daktari Pruitt akasikiliza hadi mwisho. "Nililitoa kama lilivyo, na wewe ukatia sahihi. Mtu anapewa bure bado ananung'unika?"

Akapiga simu ya gari la wagonjwa. "Mtoto yuko taabani, mama?"

"Hapana. Anakwenda kupona."

"Hao hatuwabebi."

Teksi zikaikataa theluji. Akagonga mlango wa jirani, na mwingine, na mwingine, wote kazini. Aliporudi, simu ililia.

"Mama Kaylin, mmefika wapi?"

"Gari limegoma. Nipeni muda kidogo, nawasihi."

Upande wa pili vitufe vya kompyuta vikagongwa. Kisha, "Lakini hapa una usafiri wa kuaminika. Picha yake ninayo."

"Hilohilo. Ndilo hilo."

"Pole sana, mama. Yuko mtoto mwingine, wao wameshatoka nyumbani. Na hili nitalazimika kuwaeleza madaktari."

Simu ikakatika. Rhonda alisimama kwenye theluji na viatu vya ndani. Akauokota waya, akaufuta barafu kwa sketi, akauchomeka tena ubavuni mwa gari. Hakujua kwa nini. Kitaa cha kijani kikawaka papo hapo.

Kaylin alikiona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa bado na mkanda, begi amelipakata.

"Mama, si limejaa hilo? Panda, twende."