Kilo za Mama Mkwe

Jumanne, tarehe 9 mwezi wa nne mwaka 2002, nilipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikashuka, nikapanda tena, nikashuka tena, na ndege yenyewe ilikuwa bado haijaondoka Kindu, mji wetu huku Kongo. Ninaandika mambo yalivyokwenda bila kupunguza kitu, kwa sababu siku ile shida yote ilitokana na kupunguza.

Binti yangu Sifa alikuwa Punia, kwa shangazi yake. Vita vilimkuta huko, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimiza miezi tisa. Barabara ya Punia ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na kila kundi lilikuwa na kizuizi chake. Kulikuwa na ndege ndogo iliyokwenda mara moja kila majuma mawili, nayo ilibeba abiria tisa. Nisingeondoka siku hiyo, Sifa angejifungua bila mama yake. Jina langu lilikuwa la tisa katika orodha, yaani la mwisho.

Mtu aliyenipatia nafasi hiyo ni Kasimu, mume wa Sifa. Yeye hakuweza kwenda, maana alikuwa na kazi pale uwanja wa ndege: kupima abiria na mizigo yao, kisha kuandika kilo za kila mmoja kwenye karatasi ya rubani.

Sasa, kwetu mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni, hamshiki mkono, hali chakula mbele yake. Akiwa na neno la kumwambia, hulipitisha kwa mtu mwingine. Mtu asipokuwepo, hulipitisha kwa kitu. Katika heshima hiyo Kasimu aliwashinda wakwe wote wa mtaa wetu wa Mikelenge. Akiniona sokoni aligeukia ukuta, na kama ukuta haukuwa karibu, aligeukia mbuzi.

Basi zamu yangu ya kupimwa ilipofika, alinipa mgongo.

"Mizani," aliiambia mizani, "mwombe mama apande, polepole."

Nikapanda. Ilikuwa mizani ya chuma ya kupimia magunia ya mchele, yenye uso wa mviringo kama saa na mshale mmoja. Kasimu alitazama mawingu kwa muda unaofaa kiadabu, kisha akaandika. Nilipopita karibu na meza yake niliisoma karatasi. Nilikuwa na miezi mitano katika masomo ya akina mama ya kusoma na kuandika, na tarakimu nilizijua: tano na sifuri. Hamsini.

Hapa ni lazima nikiri. Nilijua kwamba sina kilo hamsini. Kilo hamsini nilikuwa nazo siku niliyoolewa, na hata siku hiyo nilikuwa nimetoka kuugua malaria. Lakini nilifurahi. Nilijiambia kwamba binti yangu amepata mume mwenye macho mazuri, ingawa hayatumii. Nikanyamaza.

Rubani wetu, Kapiteni Édouard, alikuwa mtu mwembamba wa Bukavu, asiyependa mzaha kazini. Alisimama mlangoni mwa ndege na karatasi, akapanga watu: wazito mbele, wepesi nyuma.

"Barnabé, tisini na tano! Mbele. Mama Mbambu, sabini na mbili! Katikati. Mama Sifa, hamsini!"

Aliniangalia. Akaiangalia karatasi. Akaiangalia tena sura yangu, kisha akaiamini karatasi, kama wanavyofanya watu waliosoma.

"Kiti cha nyuma kabisa."

Nilipita kati ya viti kwa ubavu, nikafika, nikakaa. Na nilipokaa, ndege ilikaa pamoja nami. Mkia uligonga chini, gu! Pua ikapanda juu, na abiria tisa tukajikuta tumelala chali tukitazama mbingu kupitia kioo cha rubani.

"Tumeruka!" alipiga kelele Barnabé, mnunuzi wa dhahabu kutoka Butembo. "Bwana asifiwe, tumeruka!"

"Tumeruka wapi, papa?" alimjibu Mama Mbambu. "Moteri bado haijawaka!"

Mama Mbambu alikuwa mfanyabiashara wa Butembo vilevile, aliyepeleka sabuni na chumvi Punia, na alikuwa amezoea ndege kuliko sisi sote.

"Wote mbele!" aliita Kapiteni kutoka nje. "Mbele, upesi!"

Tukapanda mbele kama watu wanaopanda kilima, tukarundikana juu ya Barnabé. Pua ikashuka, gu! Tukatolewa nje. Kapiteni akapiga hesabu kwenye kiganja cha mkono wake, akatuhamisha. Mama Mbambu alisogezwa kiti kimoja mbele. Msichana mmoja mwembamba, Jessica, aliletwa kando yangu nyuma, kwa kuwa karatasi ilisema sisi wawili tunalingana. Niliingia kwa ncha za vidole. Nilikaa nusu nusu. Ndege ilinisubiri nimalize kukaa, kisha ikakaa nayo.

Tukatolewa tena nje. Sasa Kapiteni alianza kuwatilia watu shaka.

"Mama Mbambu, umevaa vitenge vingapi?"

"Viwili."

"Viwili tu?"

"Viwili vya juu. Vya chini si vya kuulizwa na mwanamume."

Ikabidi Jessica aende naye nyuma ya mapipa ya mafuta. Walirudi na chumvi, kilo kumi na mbili, iliyoshonwa katika kitambaa kirefu na kuzungushwa kiunoni.

"Hiyo si mzigo," alisema Mama Mbambu. "Ni dawa ya mgongo. Mgongo unahitaji joto."

"Joto la kilo kumi na mbili?" aliuliza Barnabé. "Mama, unataka kupika mgongo?"

"Wewe nyamaza, ambaye shati lako linalia vifungo."

Chumvi ikawekwa chini. Tukapanda mara ya tatu, mioyo imetulia, maana mwenye kosa amepatikana. Nikakaa. Gu!

Kapiteni hakupiga kelele tena, na hilo ndilo lililonitisha. Alitungoja tushuke, akaikunja karatasi.

"Karatasi hii inasema uongo," alisema. "Siwezi kujua uongo uko wapi, na siruki na karatasi ya uongo. Nitapunguza mtu mmoja. Wa mwisho kuandikwa atabaki."

Wa mwisho ni mimi. Nilikichukua kifurushi changu: vitambaa vya mtoto, unga wa uji, wembe mpya katika karatasi yake.

"Pole, mama," alisema Barnabé. "Majuma mawili si mengi."

"Mimba inajua majuma yako?" alimfokea Mama Mbambu. "Mutoto atasema, basi, nitangoja ndege ya pili?"

Kasimu alikuwa amesimama kando ya gurudumu, mgongo kwetu, na niliona mabega yake yanatetemeka. Mke wake ndiye aliyekuwa anangoja. Kapiteni naye aliyaona mabega hayo.

"Kasimu. Huyu mama ulimupima?"

"Alipanda mizani, Kapiteni."

"Na wewe ulisoma mushale?"

Kasimu alianza kulipangusa gurudumu vumbi.

"Nimekuuliza, ulisoma?"

"Kapiteni, huyu njo mama mukwe wangu."

"Sikuuliza ukoo. Nimeuliza kilo."

"Mama mukwe hana kilo, Kapiteni," alisema Kasimu, karibu kulia. "Iko na heshima."

Watu walicheka mpaka Jessica akakaa chini. Kapiteni peke yake hakucheka.

"Heshima hiyo njo imeinua pua ya ndege yangu mara tatu. Mama, rudi kwenye mizani. Nitasoma mwenyewe, nitaandika kimya."

"Kimya?" Barnabé aliruka. "Hapana, Kapiteni! Karatasi imekwisha kutudanganya mara moja, na roho zetu njo zinapanda ndani. Tunataka kusikia kwa masikio. Mimi nitasoma kwa sauti."

"Mwanamume mwingine ataje kilo za mama mbele yangu?" alisema Kasimu. "Nitamutazama Sifa na uso gani?" Akaziba masikio kwa vidole, akaanza kuhesabu mapipa kwa sauti ili asisikie lolote.

Nilisimama kati yao na kifurushi changu. Nilijua sasa kwamba kunyamaza kwangu pale mezani ndiko kulikotaka kunibakiza Kindu. Nikafikiri: aibu ni kilo zangu kutajwa na mwanamume. Hakuna desturi, kwetu wala kwingine, inayokataza mama kuzitaja mwenyewe.

"Sogeeni," nikasema. "Nitasoma mimi."

Nilipanda mizani. Mshale uliondoka kama mtu aliyechelewa. Ulipita hamsini bila kuisalimu, ukapita themanini, ukapita tisini na tano ya Barnabé, ukafika mia moja, na haukusimama. Masomo yetu yalikuwa yamefika mia moja. Mwalimu wetu, Mama Ange, alituahidi kwamba zinazofuata tutazianza juma lijalo. Mshale haukumsubiri Mama Ange.

"Mia moja!" nikasema kwa sauti.

Watu walipiga makofi.

"Ngojeni," nikawaambia. "Ninaendelea."

Niliutazama ule uso wa mizani kwa makini. Baada ya mia moja kulikuwa na vistari vidogo, vilevile kama vile vya kabla yake. Nikaweka kidole, nikavihesabu kimoja kimoja, na nyuma yangu Mama Mbambu akihesabu pamoja nami kama kanisani. Nilipofika kwenye mshale nikageuka.

"Mia moja, na juu yake kumi na nane."

Mama Mbambu alipiga vigelegele vilivyowatoa askari wa uwanja katika kivuli chao. Mimi sikuwa na haya tena. Nilikuwa nimemtangulia mwalimu wangu kwa hatua kumi na nane, bila kitabu.

Kapiteni aliifuta hamsini, akaandika nilivyosema, akapiga hesabu upya, mara mbili.

"Ndege inaweza," alisema. "Shida haikuwa uzito, ilikuwa mahali. Lakini kwa uzito huu chumvi inabaki, mama anakwenda."

"Kilo zangu zishuke, za mama zipande?" alisema Mama Mbambu. Alinitazama, akatazama vitambaa vya mtoto, akapiga ulimi. "Basi. Ije na ndege ya pili. Lakini Kasimu, ukiipima hiyo chumvi, itazame!"

Kapiteni alinikalisha mbele kabisa, kando yake, kwenye kiti cha rubani wa pili ambaye hakuwepo. Akanifunga mkanda, ukafika kwa shida.

"Usiguse kitu chochote, mama."

Sikugusa. Ndege ilisimama juu ya magurudumu yake matatu, imenyooka. Tulipoanza kusogea nilimwona Kasimu akitupungia mikono yote miwili kwa furaha, akiwa ameelekea upande wa pili. Juu ya msitu Kapiteni alinigeukia.

"Mama, kwa nini umekuwa mweusi hivyo usoni?"

"Ninabana pumzi, nisizidishe."

"Pumua, mama. Pumzi haimo katika hesabu."

Nilifika Punia kabla ya saa sita mchana. Alhamisi asubuhi uchungu ulimshika Sifa, nao ulikuwa mrefu na mbaya. Mkunga alisema asimame, ashike kitu kisichosogea. Sifa alining'ang'ania shingoni kwa mikono yote miwili, akajining'iniza kwangu kwa uzito wake wote na wa mtoto. Shangazi yake alijaribu kumpokea, wakayumba wote wawili. Mimi sikuyumba. Tulisimama hivyo mpaka mtoto wa kike akatoka akilia.

Siku hizi mizani ya abiria inawaka tarakimu nyekundu, na mpimaji haangalii mawingu. Lakini bado ninawaona akina mama wakifika mbele yake wakaingiza tumbo ndani, wakamnong'oneza kijana: "Andika sitini, mwanangu." Naye, kwa heshima, anaandika.

Wewe uliyesoma hadi hapa, usiikunje karatasi hii na kuiweka sandukuni. Msomee mama mmoja asiyejua kusoma, polepole, naye akishaelewa amsimulie mwenzake, hasa yule aliye na safari ya ndege juma hili.