Herio Juu ya Zege

Kuna watu hujenga ili wakae, na kuna watu hujenga ili wapunguziwe maswali. Kerrow, mchuuzi wa ng'ombe wa pale Garissa, alikuwa wa kundi la pili, na ndiyo maana ua wake wote, kutoka ukuta hadi ukuta, kutoka lango hadi choo, ulikuwa umemwagwa zege.

Jambo lenyewe lilianza mwaka wa mchujo, Wasomali wa nchi hii walipoambiwa wapange foleni wathibitishe kwamba walizaliwa walikozaliwa. Wengine waliimba wimbo wa taifa. Wengine walitaja machifu waliokwisha kufa, na wakaambiwa wawalete. Kerrow, ambaye kitovu chake kilizikwa hapo hapo kando ya Tana, aliingia hemani akamkuta karani kijana aliyefika kutoka bara juzi, na karani akamuuliza mama yake anaishi nyumba ya aina gani.

"Herio," alisema Kerrow.

Karani hakuelewa. Kerrow akamweleza: fito zilizopindwa zinachomekwa ardhini, juu yake mikeka na ngozi, na siku ya kuhama wanawake wanaikunja wanampakia ngamia.

"Hiyo si nyumba, mzee," alisema karani. "Huo ni mzigo."

Kadi alipewa, ile ya waridi, ya kuthibitisha kitambulisho ambacho nacho kilikuwa cha kuthibitisha. Lakini neno lile lilimkaa kama mwiba wa mgunga uliovunjikia wayoni. Akauza ng'ombe, akanunua simiti, akaleta kokoto na wavu wa chuma, akamwaga. Alimwaga chumbani, akamwaga ukumbini, akatoka nje na kuendelea kumwaga. Kuku walikosa pa kupekua. Mtu aliyejitia zege kiasi hicho, aliwaza, nani atamwambia ni wa kupita?

Mwaka wa tisini na tatu binti yake Ramla alichumbiwa, na Kerrow akataka sakafu ing'ae kwa ajili ya arusi. Akamwita Murithi. Huyu alikuwa Mmeru aliyekuja na kontrakta wa kujenga maghala ya chakula cha wakimbizi; kontrakta alipotoweka, Murithi alibaki na mashine mbili badala ya mshahara wake. Moja ilikuwa ya kusaga sakafu, nyingine msumeno wa petroli wa kukatia zege. Mjini hapakuwa na mwingine. Alikata milango katika kuta za maduka, akasaga sakafu za maofisi, na alipoitwa msikitini alivua viatu na kuivisha mashine matambara magurudumuni. Watu walimheshimu tangu siku hiyo.

Alisaga ua wa Kerrow mpaka kokoto zikajitokeza laini kama mayai ya kware, mpaka ukiinama unauona uso wako. Kerrow aliinama mara nyingi.

Ndipo lori lilipofika kutoka Diff, kijijini kwao, likiwa na wanawake wa ukoo na mama yake, bibi Ardo, ameketi juu ya herio iliyokunjwa. Ardo aliteremka, akagonga fimbo chini mara moja, akasikiliza.

"Udongo uko wapi?"

"Uko chini, hooyo," alisema Kerrow. Ndivyo Wasomali wamwitavyo mama.

"Chini ya nini?"

"Chini ya nyumba yako."

"Nyumba yangu iko kwenye lori."

Ikabidi Ardo aelezwe habari za zege, naye Kerrow alijua vizuri kinachokuja. Binti wa ukoo ule huanza ndoa ndani ya herio iliyosimamishwa na wanawake wa kwao, uani kwa baba yake. Fito za herio husimama ndani ya mashimo. Pasipo na mashimo hapana herio, na pasipo na herio wale wanawake waliotoka Diff wangepanda lori lao warudi, na arusi ya Alhamisi ingebaki ya wanaume na wali.

Ardo hakupoteza wakati. Alimwendea Murithi, ambaye alikuwa anafuta mashine, na kumsemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo kila p ni b.

"Wewe, Meru. Hii msumeno nakata?"

"Inakata, mama."

"Kata haba. Na haba. Zunguka mbaka kule."

"Mwenye nyumba alisema nisage, hakusema nikate."

"Mwenye nyumba nani?"

"Si mzee Kerrow?"

"Na mwenye Kerrow?"

Murithi alifikiri. "Kazi ya wakubwa wawili huua fundi," alisema, akaenda kunywa chai.

Kerrow na mama yake walibaki uani. Saado, mke wa Kerrow, alichungulia dirishani, akaona heri awe anachagua mchele.

"Hooyo, nyumba ipo. Ya mawe. Ina vyumba, ina feni. Ramla aolewe humo kama binti za watu."

"Nyumba isiyoweza kuhama watu wanapohama, ni nyumba au ni kaburi lenye mlango?"

"Hatuhami tena. Tumekaa."

"Mwaka mji huu ulipochomwa mlikuwa mmekaa pia."

Kerrow hakupenda kuguswa hapo. Moto ule ulikula mtaa mzima, na wenye mtaa wakakusanywa na askari juani kama mbuzi wa mnada. Mpaka leo kuna watu wanaouita ajali, na wote wanakula mshahara wa serikali.

"Hayo ya zamani," alisema.

"Ulitoka na nini siku ile?"

Kerrow alianza kufuta doa lisilokuwepo sakafuni.

"Ulitoka na kikoi," alisema Ardo. "Mimi nilitoka na nyumba."

Siku iliyofuata Kerrow alikuja na hekima yake. Alijaza mchanga madebe ya mafuta ya kupikia, akayapanga duara, akawaambia wanawake wachomeke fito humo. Wanawake walitazamana. Wakachomeka, wakapinda, wakafunga kamba, wakatandaza mkeka wa kwanza. Herio ilisimama kwa muda ambao mtu huchukua kusema mashallah. Halafu madebe yakateleza juu ya sakafu iliyosagwa, kila moja likaenda zake, na nyumba nzima ikalala taratibu juu ya shangazi mmoja aliyekuwa ndani.

"Imesimama vizuri," alisema shangazi kutoka chini ya mkeka. "Sasa mtoe mlima huu."

"Mlitaka iteleze," alisema Kerrow.

"Sisi hatukusaga mahali," alisema Ardo, akaamuru herio ikunjwe. Lori lingeondoka kesho yake alasiri. Ramla alikuwa ameketi kizingitini na hina mbichi mikononi, hawezi hata kufuta machozi yake mwenyewe. "Aabo," alimwambia baba yake, "kwani mashimo yanauma?"

Kerrow alisema sakafu haitobolewi. Aliingia ndani akalala.

Kesho yake, baada tu ya sala ya alfajiri, lango lilipigwa teke. Basi lilikuwa limeporwa mahali fulani barabarani, na kama kawaida waliotafutwa ni wale waliokuwa nyumbani. Waliingia vijana wenye bunduki na mkubwa wao mwenye fimbo ndogo. Yule mkubwa alifika katikati ya ua, akatazama chini, akasita.

"Sakafu safi hii. Terazo?"

"Zege ya kusagwa, afande."

"Nani amekufanyia?"

"Mmeru mmoja."

"Kazi nzuri sana. Chuchumaa."

Kerrow alichuchumaa.

"Kadi?"

"Iko ndani ya sanduku, afande. Niende niilete?"

"Nimekuambia usimame?"

Kerrow akasema lile alilokuwa amejiandalia miaka yote ile. "Afande, mimi ni mwenyeji. Nimejenga hapa. Tazama mwenyewe, ukuta mpaka ukuta. Mtu wa kupita angemwaga simiti yote hii?"

"Sakafu nimeiona," alisema afande. "Nimeuliza kadi."

Basi akabaki pale na mikono kichwani. Chini yake, ndani ya zege, alimwona mwanamume mwingine mwenye ndevu amechuchumaa vile vile, wanatazamana. Kazi ya Murithi ilikuwa safi kiasi kwamba hata jasho lilionekana. Jua likapanda. Vijana walipindua magodoro, wakamwaga mchele aliouchagua Saado, wakafika kwa Ardo, aliyekuwa ameketi juu ya herio yake iliyokunjwa tayari kwa safari.

"Na huu mzigo?"

"Nyumba," alisema Ardo.

Kijana aliudunga kwa mtutu, akaona ni mikeka, akamwacha bibi na mali yake. Mwishowe walichoka. Waliondoka na redio kwa uchunguzi zaidi.

Kerrow alisimama, magoti yakalia. Mama yake hakumwambia neno, na wanaomjua Ardo wanasema hiyo ndiyo siku pekee. Kerrow alinawa, akatoka, akamkuta Murithi hotelini na mandazi mkononi.

"Fundi, lete ule wa kukata."

"Nikate wapi, mzee?"

"Atakapokuonyesha mwenyewe."

Ardo alitembea duara na kipande cha mkaa, akitia alama. Murithi akawasha msumeno. Diski iliimba, vumbi jeupe likapanda, na Kerrow mwenyewe akashika mtungi akawa anamimina maji kwenye diski ili isiungue. Walipofika kwenye wavu wa chuma cheche ziliruka, na Kerrow akajikuta anahesabu bei ya wavu, kisha akaacha. Kipande baada ya kipande, Murithi alipiga tindo, akang'oa, akafikia udongo. Ulikuwa mwekundu na wenye unyevu kidogo.

Alipozima msumeno ili ubadilishwe diski, Murithi alijifuta uso.

"Nilifikiri utanilaumu kwa kuharibu," alisema.

"Ni yangu. Niachie niiharibu."

"Kaka yangu alijenga kule Bonde la Ufa. Nilimsagia mimi. Nyekundu, unaona mpaka meno. Mwaka jana majirani wakamwambia kwao si pale."

"Ikawaje?"

"Sakafu ipo," alisema Murithi, akakaza nati ya diski. "Yeye ndiye hayuko."

Wakaendelea.

Adhuhuri lori lilikuwa langoni, tupu, dereva amelala chini yake. Fito zilikuwa zimesimama. Wanawake walishindilia udongo kwa visigino, wakavuta, hakuna kilichotikisika. Kerrow aliinama kushindilia ufito mmoja aliouona kama umelegea, na mama yake akampiga fimbo ya mgongo.

"Waryaa, toka. Hii ni kazi ya wanawake. Wewe nenda kauze ng'ombe."

Akaenda. Ramla aliolewa Alhamisi, herio imejaa ubani na shangwe, na shangazi yule yule akiwa ndani, akisema safari hii ameangalia juu kwanza.

Baada ya siku saba za arusi Kerrow alirudi kutoka mnadani akivuta ngamia wa mizigo, mnyama wa kubeba nyumba, ambaye hakuwa amemmiliki tangu ujana wake. Aliulizwa njiani ni wa kuchinja au wa kuuza, akasema wa kukaa. Ngamia alifika langoni, akanyoosha shingo, akaitazama ile sakafu inayong'aa, akaweka mguu mmoja, akauondoa. Kerrow alimvuta. Alimbembeleza. Alimtukana kwa Kisomali na kwa Kiswahili.

Mwishowe akamfunga nje, kando ya barabara, palipokuwa na ardhi.