Waliolala Katika Kaya

Asubuhi ya marudio ya kuhesabu watu, karani wa eneo la kumi na saba alichonga penseli mbili, akavaa kitambulisho shingoni, akatia vipande vinne vya chaki mfukoni. Mumewe, fundi baiskeli, ambaye alikuwa ameuawa miezi mitatu nyuma, alikuwa barazani akikwangua kipande cha tyubu kwa msasa. Alikipaka gundi, akakipulizia, akakibandika kwenye tundu la shingo upande wa kushoto, akakibana kwa vidole viwili huku akihesabu mpaka sitini. Bila kiraka sauti yake ilitokea tunduni kabla ya kufika mdomoni, na wateja hawakumsikia. Siku ambazo gundi iliisha, mkewe alimziba kwa kiganja.

"Leo unaanza na nani?" aliuliza fundi.

"Na wewe. Kaa vizuri."

Fomu ilikuwa ile ile ya mara ya kwanza. Iliuliza nani alilala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, na mkuu wa kaya ni nani. Kisha iliuliza kundi. Moja ni wale waliosema wapo hapa tangu enzi. Mbili ni waliokuja na reli. Tatu ni waliovuka mto, mababu zao lakini, maana wao wenyewe hawajawahi hata kuoga humo. Nne ni weupe, nao walikuwa wawili tu, mzee wa shamba la ng'ombe na dada yake. Tano ni wengineo. Kaya nzima ilipewa namba ya mkuu wake. Karani alikuwa moja na mumewe tatu, kwa hiyo nyumba yao ilikuwa tatu. Katika hesabu ya kwanza karani aliandika kwa chaki namba ya nyumba na ya kundi kwenye kila mlango, hata wake mwenyewe: 46/3. Alikuwa na mwandiko mzuri tangu shule.

Sheria ya wilaya ilisema kundi likifikisha asilimia kumi linapata viti viwili kwenye baraza na sauti juu ya maji ya mfereji. Matokeo ya kwanza yalibandikwa Jumatatu, na kundi la tatu lilikuwa limefika kumi na moja nukta nne. Jumanne, kaka yake karani wa tumbo moja, mwenye bucha ambaye wilaya nzima ilimwita Kilo, alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya kufungia nyama. Alipata watu mia tano sitini na moja waliozidi ile asilimia kumi. Mwalimu mstaafu wa hisabati, aliyekuwa akisubiri maini yake, alichungulia na kutikisa kichwa.

"Ukiwapunguza hao, na jumla ya wilaya nayo inapungua," alisema. "Chukua mia sita ishirini na tatu."

Kilo alimshukuru, akamwongezea kipande.

Walianza Alhamisi saa tatu asubuhi, baada ya chai, kwa sababu kazi haifanywi na njaa. Hawakumuuliza mtu jina. Walisoma milango. Penye moja walitoa salamu wakapita, penye tatu wakaingia. Mama mwoka mikate walimkuta mbele ya tanuri lake, wakamsukuma ndani wakakomea. Mabinti zake wawili walikatwa vifundo vya miguu kwanza, wasikimbie, na waliobaki nyuma wakawamalizia taratibu. Kwa fundi, Kilo aliingia mwenyewe.

"Shemeji, lala ubavu," alisema. "Haitachukua muda."

Karani alishikwa mikono na wanaume wawili aliosoma nao darasa moja. Damu ya mumewe iliruka mpaka kwenye kalenda ukutani, ikafunika nusu ya mwezi. Kilo alipangusa panga kwa tambara la kufutia minyororo, akamwambia dada yake asiogope, damu ni nzito kuliko maji, yeye hataguswa. Karani alimtemea mate usoni. Alimchukia siku ile, na hajaacha mpaka leo.

Waliishia watu mia sita na arobaini, maana kufikia mchana hakuna aliyekuwa akihesabu tena. Waliwafukia kwenye shimo nyuma ya ghala. Siku ya nne waliofukiwa walirudi makwao, mmoja mmoja, wana udongo masikioni, kila mtu akapiga hodi kwake. Waliokuwa hai walisogea kitandani wakawapa nafasi.

Serikali ilisema hesabu ya kwanza imeingia dosari, ikaamuru marudio. Kutoka mji mkuu alikuja mpelelezi, mwanamke wa maneno machache, mwenye mkoba uliojaa karatasi. Alimweka karani kitako.

"Nitalinganisha hesabu hizi mbili," alisema. "Waliokuwepo kwanza na sasa hawapo, hao ndio waliouawa. Niletee pengo hilo, nami nitawafunga wote, kaka yako akiwa wa kwanza."

Karani hakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani. Alikitaka hata akiwa amelala. Na sasa alikuwa ameketi barazani, penseli mkononi, mbele ya mumewe.

"Nisipokuandika, Kilo anafungwa," alimwambia.

Fundi alishika kiraka chake, kuhakikisha kimeshika. "Na mimi nitakuwa nimelala wapi?"

"Najua ulilala hapa."

"Nimelala upande wa ukutani, ukanilalamikia nakoroma. Uandike kwamba kitanda kilikuwa kitupu? Mke wangu, walinitoa kwenye dunia. Wewe usinitoe kwenye daftari."

Karani alilia kidogo, kisha akaona kitu ambacho hakuwahi kukitilia maanani. Chini ya fomu palikuwa na kisanduku cha Maoni, mistari mitatu. Aliandika juu: mwanamume, miaka arobaini na mmoja, fundi baiskeli, tatu, alilala hapa. Chini akaandika: Alichinjwa na Kilo, mwenye bucha, siku ya Alhamisi, saa nne kasoro robo, nikishuhudia. Aliisoma mara mbili. Mume alikuwepo na ushahidi ulikuwepo. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Basi akazunguka eneo lake nyumba kwa nyumba. Mama mwoka mikate alifungua mlango huku akifagia vipande vya ngozi yake vilivyodondoka kizingitini.

"Andika na mabinti," alisema. "Hawawezi kuja mlangoni, unajua tena miguu yao. Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu, nasi tupo."

Karani aliwaandika wote watatu, na kwenye Maoni akaandika tanuri, na nani alikomea. Mzee mmoja aliomba mistari ya ziada, kwa kuwa waliomuua walikuwa tisa na alitaka wote wakae. Karani alibana mwandiko, wakaenea. Kila alipotoka aliichora upya namba ya mlango kwa chaki, kama maelekezo yalivyotaka. Jioni alikuwa na wafu thelathini na mmoja, wote wameandikwa, wote na maoni yao.

Msimamizi alipokea fomu ofisini, akalowesha kidole na kuhesabu kurasa.

"Mwandiko safi sana," alisema. "Ila haya maoni mashine haiyasomi."

"Nani anayasoma?"

Msimamizi alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijawahi kuulizwa hilo, dada. Lakini hayajaharibu kitu." Akagonga muhuri.

Baada ya wiki tatu matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa wilaya. Kundi la tatu: kumi na moja nukta nne. Barua ya mpelelezi ilikuja siku iyo hiyo, aya moja. Hesabu mbili zimelinganishwa, hakuna upungufu wa watu ulioonekana, jalada limefungwa. Karani aliisoma mara mbili, amesimama.

Kilo alisoma ubao polepole, midomo ikicheza.

"Kumbe hawapungui," alisema. "Basi itabidi tuwe tunarudia."

Alhamisi walirudi, saa tatu, baada ya chai. Chaki ilikuwa mpya na ilisomeka hata kwa mbali. Waliwaua wale wale, na kumi na wawili ambao mara ya kwanza walikuwa wamenusurika. Mama mwoka mikate aliingia tanurini mwenyewe, asisukumwe. Fundi alilala ubavu kabla hajaambiwa. Damu ilitoka kidogo tu, lakini panga lilipita juu ya kiraka, na tundu likawa pana kama kisoda cha chupa. Karani alimrukia kaka yake, akamuuma mkono mpaka meno yakagusa mfupa, na wale wanaume wawili wakambandua.

Jumatatu fundi alirudi, udongo masikioni. Jumanne Kilo alifika barazani akiburura baiskeli, mkono una bandeji. Baiskeli ilikuwa imekanyaga chupa zilizovunjika kwenye ua wa mama mwoka mikate, na wilayani hapakuwa na fundi mwingine.

"Shemeji, pancha," alisema. "Na rimu imepinda."

Karani alikuwa ameketi kwenye kigoda. "Umemuua mume wangu mara mbili, Kaka."

Kilo alivua kofia, akamtazama dada yake kwa huruma ya kweli.

"Nani kafa, dada yangu? Kasome ubaoni. Hesabu ni yako mwenyewe."

Fundi alitoa tyubu, akaitumbukiza kwenye karai la maji, akaona mapovu. Alifungua kopo la viraka. Kilikuwa kimebaki kimoja. Alikiangalia, akajishika shingo, akaiangalia tyubu. Mteja ni mteja. Alikipaka gundi, akakibandika kwenye tyubu ya Kilo, akabana, akahesabu mpaka sitini.

"Rimu itanyooka lini?" aliuliza Kilo. "Naihitaji Alhamisi."

Midomo ya fundi ilicheza. Upepo ulitoka shingoni, ukapeperusha kola ya shati.

"Sisikii, shemeji."

Karani aliinuka kwenye kigoda. Alikwenda nyuma ya mumewe, akaweka kiganja juu ya tundu, akakandamiza, kama alivyozoea gundi ikiisha.

"Alhamisi," alisema fundi, "itakuwa tayari mapema."