Mtungi wa Mvua ya Nne

Kijijini kwetu Isaan, kaskazini mashariki mwa Thailand, maji ya mvua hayakingwi ovyo. Mvua ya kwanza huosha vumbi la paa, ya pili huondoa majani na vinyesi vya ndege, ya tatu huachwa iende zake kwa tahadhari tu. Baba yangu, Sangwan, alikuwa akikinga kuanzia ya nne. Kabla ya kuuelekeza mfereji wa bati mtungini alinyoosha kiganja, akaonja, akanionjesha, kisha akaniuliza kama nasikia utamu. Nilisema ndiyo hata nisiposikia kitu. Miaka mingi baadaye niliandika tasnifu kuhusu namna watu wetu wanavyoyatofautisha maji kwa ladha, na sura yake ndefu kuliko zote ilitoka katika kiganja hicho.

Mwaka jana aliujaza mtungi mkubwa wa saruji kwa mara ya mwisho. Alifariki kabla mpunga haujavunwa. Mama aliufunika, akakataza mtu yeyote kuugusa, akawa anakunywa peke yake, bakuli asubuhi, bakuli jioni.

Nilipokwenda kumwona mwezi wa Aprili nilimkuta amekonda. Tumbo lilikuwa limemlaza mara mbili. Nikachota maji ya mtungi, nikayapeleka mjini kupimwa, na majibu yakawa kama nilivyohofia.

"Yana vijidudu, mama. Ndiyo yanayokuumiza."

"Hao vijidudu wana majina?"

"Wanayo."

"Basi waambie mimi niliwatangulia hapa."

Nikamsihi angalau tuyachemshe. Alikubali, akaonja, akatema uani.

"Umeyaua, Duangchan. Haya ni ya kuoshea miguu. Baba yako hakuniachia supu."

Thamani ya ladha ile niliijua kuliko daktari yeyote. Nilijua pia kwamba akiendelea hivyo, mvua mpya ingemkuta kitandani, au isingemkuta kabisa.

Kesho yake alfajiri watawa wa Kibuddha walipita kupokea chakula. Baada ya kuwapa wali wa kunata, mama alichuchumaa chini ya mpapai akamimina maji ardhini taratibu, kama tufanyavyo ili thawabu imfikie marehemu. Jirani yetu Lamyai, aliyekua naye tangu utotoni, alikuwa kando yake akimmiminia marehemu mumewe. Akaitupia jicho chupa ya plastiki mkononi mwa mama.

"We Buaphan, hayo si ya dukani?"

"Ya dukani. Ya mtungi nayatunza."

"Unayatunza wapi, tumboni? Yaani Sangwan, na mdomo wake ule wa kuchagua, miezi mitano yote unampa maji ya chupa, na mazuri unayapiga mwenyewe?"

"Nyamaza, mchawi we."

"Sinyamazi. Akinijia ndotoni kulalamika, nitamwelekeza kwako."

Lamyai akacheka. Mama hakucheka. Alibaki ameishika chupa iliyoinama, maji yakimwagika bila yeye kuyaangalia, mpaka ikaisha.

"Lete ndoo," akaniambia.

Mtungi ulikuwa umebakiwa na chini ya robo. Hata hivyo kazi ilituchukua asubuhi nzima, kwa sababu mama hakuniruhusu kumwaga. Nilichota, naye akamimina kwa bakuli, uzi mwembamba wa maji usiokatika. Alikuwa akizungumza na baba. Alimweleza kwamba mfereji umepinda upande wa jikoni, kwamba bata wanne wameibwa, kwamba mimi nimenenepa na sijui tena kuchuchumaa. Mara moja alisita, akaomba radhi kwa sauti ya chini sana, nami nikajifanya nahangaika na ndoo.

Bakuli la mwisho alilileta mdomoni. Nikashtuka. Alilinusa tu, akalimimina lote.

Kisha tukaketi kwenye ngazi, nguo zetu zimelowa mpaka magotini. Mama akaninyooshea mkono.

"Haya, nipe hayo yako ya dukani."

Akanywa, akakunja uso.

"Hayana mtu ndani," akanung'unika, akarudisha glasi nimwongezee.