Betri ya Mzee Taratibu

Kila asubuhi, akishampa mumewe chai na vidonge vyake vitatu, mama alitoka nje na ufunguo wa gari mkononi na mto mdogo kwapani. Mto ulikuwa wa kukalia. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kwa uzito wa mtu mmoja kwa miaka kumi na minne, na bila mto huo pua yake iliishia kwenye usukani.

Hakujua kuendesha. Alijua kuwasha tu, na hilo alifundishwa akiwa na miaka sitini na sita, na mwalimu aliyelala kitandani: tikisa gia kwanza uone kama inacheza, ujue iko huru, hakikisha breki ya mkono imevutwa, zungusha ufunguo mpaka taa nyekundu ziwake, subiri kidogo, usiwe na pupa, ndipo uzungushe tena. Gari likishawaka aliacha mlango wazi, akahesabu hadi mia tatu, polepole, akigusa usukani kwa kidole kila alipofika kumi. Mia tatu ikitimia alizima, akafunga, akarudi ndani.

Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa hatua nne kutoka kwenye boneti, na mumewe alilala nyuma ya dirisha hilo. Watu walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu katika miaka thelathini na minane ya kuendesha malori hakuwahi kugonga hata kuku, na wenzake walifika, wakala, wakalala usingizi wa kwanza, ndipo yeye akatokea. Sasa kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kushoto. Alikaa hospitali wiki mbili, akarudishwa nyumbani na fimbo mpya ambayo mpaka leo ilikuwa ndani ya nailoni yake, imeegemea ukuta kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Daktari alisema mguu una nguvu ya kutosha, unachotaka ni kutembezwa. Mzee akasema atautembeza kesho. Hiyo kesho ilikuwa imefikisha mwezi.

Kilichomfanya mama asikose hata asubuhi moja ni maneno aliyoambiwa siku ile ya kurudi. "Uliwashe gari kila siku, betri isife," mzee alimwambia. "Siku litakapokataa kuwaka, ujue na mimi safari yangu imeishia hapo." Aliyasema akitabasamu kwa nusu ya mdomo, ile nusu iliyokuwa bado inamtii. Mama hakutabasamu. Aliyachukua maneno yale akayaweka moyoni.

Wiki ya tano, siku ya Jumatatu, starta iliguna. Badala ya kuzunguka mara moja na kushika, ilijivuta kama mtu anayeamshwa kabla ya saa yake, ikajivuta tena, ndipo injini ikawaka. Jumanne ikajivuta mara nne. Jumatano mama alifumba macho, akasema kimoyomoyo, "Nihurumie," na hakujua anamwomba Mungu au anaiomba betri. Liliwaka. Lakini alipozima, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na jua lilikuwa halijapanda.

Mzee alipopitiwa na usingizi wa mchana, mama alijitanda nguo, akashuka hadi mwisho wa mtaa kwenye karakana ya Fundi Cheche. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa umeme wa magari. Jina alilipata kwa kazi yake, na ulimi wake ukamalizia.

"Unaliwasha kwa muda gani, mama?" Cheche aliuliza, kichwa bado kiko ndani ya gari la mtu.

"Mia tatu."

"Mia tatu nini?"

"Nahesabu hadi mia tatu."

Cheche alitoa kichwa, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Dakika tano hizo. Halafu linakwenda wapi?"

"Liende wapi, mwanangu? Na nani?"

"Hapo ndipo penye shida. Ukiwasha, starta inachota umeme ndoo nzima. Hizo dakika tano za kuunguruma limesimama zinarudisha kikombe. Kesho ndoo, kikombe. Keshokutwa ndoo, kikombe. Wewe hiyo betri huilishi, mama. Unaiua kwa adabu."

Mama alikaa juu ya tairi lililolazwa pale chini. Siku thelathini na mbili za kuhesabu zilimpita mbele ya macho.

"Gari la kukaa wiki nyingi halitaki kubembelezwa kila siku," Cheche akaendelea, sauti ikapungua kidogo. "Unachomoa waya wa hasi, basi. Ile saa na vile vitaa vidogo vinakosa pa kunyonya. Mara moja kwa mwezi unaitia chaja, polepole, kutwa nzima. Unatazama maji yake, unasafisha ule unga mweupe. Itakungoja mpaka uichoke."

"Nikichomoa waya, halitaunguruma."

"Halitaunguruma."

"Basi siwezi." Na mama akamweleza yale maneno ya kitandani.

Cheche alinyamaza, jambo ambalo mtaa mzima haukuwahi kulishuhudia. Mwishowe akasema, "Nilete pikipiki yangu niiwashe chini ya dirisha?"

"Mtu ameendesha miaka thelathini na minane. Atatufukuza mimi, wewe na pikipiki yako."

"Haya. Kesho saa nne nitakuja na chaja. Asubuhi usiliguse. Umenisikia, mama? Usiliguse."

Alisikia vizuri sana. Lakini kutoliwasha ilikuwa ni kimya, na kimya ndicho alichokiogopa. Kwa hiyo asubuhi ya Alhamisi alichukua mto wake, akakaa, akatikisa gia, akazungusha ufunguo. Kilichotoka kilikuwa mlio wa ukucha ukigonga bati: ta, ta, ta. Kisha hata huo ukakoma, na zile taa nyekundu zikafifia mbele yake hadi zikazimika.

Hakujua afanye nini, akaanza kuhesabu. Alihesabu hadi mia tatu ndani ya gari lililonyamaza, akigusa usukani kwa kidole kila kumi. Alipomaliza, alifunga mlango taratibu na kuingia ndani, mto ameukumbatia kifuani.

Mzee alikuwa macho, uso ameuelekeza dirishani.

"Leo limekataa," alisema.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amepanga maneno, lakini yote yalitawanyika. "Nimeliua mimi," alisema. "Si wewe. Nimeambiwa nilikuwa naliwasha vibaya. Gari ni zima, injini ni nzima, ni mimi. Usije ukalala hapo ukadhani ni safari yako."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba betri inakwisha. Ni siku kumi na mbili sasa naisikia inavyochoka. Jana nilikuwa nakusukumia gari kutoka hapa hapa, mabega yakauma."

Mama alimgeukia. "Na ukanyamaza?"

Mzee alivuta pumzi. Siku hizi maneno marefu yalimchosha, ilibidi ayapange kama mizigo. "Unaniosha. Unanilisha. Unanigeuza kama chapati. Kutwa nzima huna pa kukaa peke yako. Nikasema, angalau zile dakika tano ni zake. Anakaa kwenye kiti kizuri, anatazama nje, hamna mzee wa kumwita. Ningekwambia uache, ningekunyang'anya hata hizo."

"Kiti kizuri," mama alisema. "Kile kiti kinanivunja kiuno. Na ule moshi unanichefua, siku nyingine sinywi hata chai."

"Mbona hukusema?"

"Si wewe uliyekuwa unausubiri mlio?"

"Ule mlio," mzee alisema, "tangu nitoke hospitali unanigonga kichwani kama nyundo."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka ni mama, kicheko cha puani, akijaribu kukizuia kwa mto. Mzee akafuata na nusu yake ya mdomo, na ile nusu nyingine nayo ikatikisika kidogo, ingawa hakuna aliyeiagiza. Walicheka mpaka mama akafuta macho, na alipoyafuta aligundua hakuwa anacheka tena.

"Ila ulisema," alimwambia. "Ulisema likikataa, na wewe basi. Usiniambie ilikuwa utani, kwa sababu wiki tano zote mimi sikuuona huo utani."

"Haukuwa utani wote," mzee alikiri. "Niliogopa mguu. Nilitaka kitu kingine kiniamulie."

"Sasa kimekataa. Umeamuaje?"

Mama hakumbana. Alimfunika vizuri, akaenda kuosha vikombe.

Saa nne Cheche alifika na chaja begani. Alifungua boneti, akalegeza waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, akainyanyua betri na kuileta barazani, akaiweka juu ya ubao. Kelele zake ziliingia mpaka chumbani. "Hii ina kiu, mama. Maji yameshuka."

"Ileteni huku niione," mzee aliita kutoka kitandani.

"Haiji huko, mzee wangu. Betri ikichajiwa inatoa hewa inayolipuka kwa cheche. Tena mimi mwenyewe ndiye Cheche. Ukitaka kuiona, iko hapa barazani, haina haraka."

Mama alikuwa mlangoni mwa chumba. Alimwona mzee akiitazama betri asiyoiona, kupitia ukuta, kwa namna alivyokuwa akilikagua lori kabla ya safari.

"Waya wa hasi ameuchomoa kwanza?" mzee aliuliza.

"Kwanza," mama alijibu.

"Lakini watu hawa huongeza maji ovyo, wakajaza mpaka juu." Akageuza macho ukutani. "Ivue hiyo fimbo nailoni."

Walitumia muda mrefu. Kutoka kitandani hadi barazani zilikuwa hatua kumi na moja za mama, na za mzee zikawa ishirini na sita, kila moja ikiwa na mkutano wake. Mguu wa kushoto ulifika wa mwisho kila mara, ukiburuzwa. Katikati alisimama, paji la uso likiwa limelowa, akasema, "Ngoja nipoe," na mama akangoja, bega lake chini ya kwapa la mumewe. Cheche aliwasogezea kiti, akajifanya anatafuta kitu mfukoni asije akawatazama.

Mzee alipokaa, alipumua mpaka akatosheka. Kisha aliinama juu ya betri. "Fungua vizibo kimoja kimoja," alimwamuru mama. "Maji yafunike vile vibamba vya ndani tu, usipitilize."

Mama alizungusha kizibo cha kwanza, akakisuuza kwenye bakuli la maji na soda ya kupikia, akakikausha kwa pindo la nguo. Alitafuta pa kukiweka. Mkono wa kushoto wa mumewe ulikuwa umelala juu ya paja, kiganja kikitazama juu, mahali ulipoangukia. Akakiweka pale. Mzee aliutazama mkono ule kama dereva anayetazama taa iliyochelewa kubadilika. Vidole vilikawia. Halafu kimoja kikajikunja, na cha pili, vikakizunguka kile kizibo bila nguvu.

"Endelea," alisema.

Cha pili kilikaa. Cha tatu kilianguka, kikabingirika chini ya kiti, na mama akainama kukitafuta.